Peke yako, boti nyembamba na mvua ya Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimezaliwa Pangani, ambako mtu akitaja boti unajua kuna bahari. Sasa ni mwaka wa sita naishi peke yangu kwenye boti nyembamba katika mifereji ya Uingereza, na kila nikituma picha nimelowa chapachapa huku maji yanamwagika nyuma yangu, maswali huanza. Shangazi anauliza, wenzangu wa London wanaotaka kukodi boti nao wanauliza, hata kijana aliyepanga chumba Birmingham na kuona boti zikipita nyuma ya dirisha lake. Nimeyakusanya hapa. Yale yanayohusu mahali watu wanapoumia nimeyajibu kwa urefu. Mengine sentensi mbili tatu zinatosha.

Boti nyembamba ni chombo gani hasa?

Ni boti ya chuma yenye upana wa futi 6 na inchi 10, yaani mita 2.08, na urefu unaoweza kufika futi 72. Upana huo haukuchaguliwa kwa mapenzi. Loki nyingi za mifereji ya katikati ya Uingereza zilijengwa karne ya 18 zikiwa na upana wa futi 7 hivi, na chombo hakina budi kupita humo. Yangu ina futi 57, uzito kama tani 17, injini ya dizeli. Kikomo cha mwendo ni maili 4 kwa saa, kilomita 6.4, na ukipita boti zilizofungwa unapunguza zaidi ya hapo. Nahodha husimama tezi, yaani nyuma ya boti, kana (mpini wa usukani) mkononi, mita 17 za paa zikiwa mbele yake. Abiria wote wako ndani kwenye joto. Anayenyeshewa ni yeye tu, na ukiwa peke yako hakuna wa kumpokea.

Na loki?

Ni chumba cha maji chenye milango pande mbili, cha kupandishia na kushushia boti mahali ardhi inapobadilika kimo. Unafungua vilango vidogo vilivyo chini ya maji kwa hendo ya chuma iliyopinda kama herufi L, chumba kinajaa au kinakauka, kisha unasukuma lango kubwa kwa mgongo kwenye boriti yake. Hakuna umeme wala mlinzi katika loki nyingi. Ni wewe na hendo yako.

Mtu mmoja anaruhusiwa kuendesha?

Anaruhusiwa. Mifereji mingi ya England na Wales iko chini ya Canal & River Trust, shirika la hisani lililoichukua mwaka 2012, na halidai leseni ya udereva. Linalodai ni leseni ya boti, bima, na cheti cha usalama kinachorudiwa kila baada ya miaka 4. Ukitaka kukodi ni habari nyingine: kampuni nyingi za kukodisha zinataka angalau watu wawili, na siwalaumu.

Mvua ni hatari kiasi gani?

Mvua ya huku si masika. Haiji kwa kishindo ikaondoka. Ni rasharasha na manyunyu ya tangu asubuhi hadi jioni, baridi ya nyuzi 7, na hata ile kubwa inakuja kimyakimya. Yenyewe ni maji tu. Kinachowaangusha watu ni haraka: unataka kumaliza loki upesi urudi ndani, kwa hiyo unaruka pale ulipopaswa kukanyaga, unafungua vilango vyote kwa mkupuo, unaacha kamba imelala ovyo. Mwenye mwenzake akikosea, kuna wa kupiga kelele. Wewe huna. Ndiyo maana kanuni yangu ya mvua ni ya kijinga kabisa: kila kitu nakifanya polepole kuliko siku ya jua, na nikijikuta natembea kwa kasi pembeni mwa loki najua nimeshaanza kukosea.

Kwa nini usifunge boti tu, ukangoja iishe?

Mara nyingi ndicho ninachofanya, na ni raha ya mfereji ambayo wavuvi wa kwetu wangeionea wivu: unaweza kusimama karibu popote upande wa njia ya ukingoni, ukapiga vigingi viwili, ukaingia ndani. Lakini asiye na gati la kudumu hubanwa na sheria ya mwaka 1995: haruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Tangi la maji nalo huisha, kopo la choo hujaa, na sehemu ya kulimwaga iko maili 6 mbele. England kuna wiki ambazo ukingoja mvua iishe utakunywa maji ya mfereji.

Nivae nini?

Koti la mvua na suruali yake vile vya wavuvi, si koti la kutembelea mjini. Kofia yenye ukingo badala ya ile iliyoshonwa kwenye koti, kwa sababu hiyo ya koti inakufunga macho pembeni, na pembeni ndiko boti nyingine inakotokea. Taulo dogo shingoni. Gambuti zenye meno chini. Meno yakisagika zitupe, usizionee huruma. Glavu za mpira jozi tatu, maana glavu ikilowa ndani haikauki siku hiyo. Na jaketi la uokozi linalojijaza lenyewe: watu wengi wa mifereji hawalivai kwa sababu maji ni mafupi, mimi peke yangu mvuani nalivaa.

Mwavuli je?

Madaraja ya mfereji ni ya tofali, ya upinde, na yako chini. Mwavuli mmoja ulinitosha kujifunza.

Wanasema kamba ya katikati ni rafiki wa msafiri wa peke yake. Kwa nini?

Kwa sababu inashika boti mahali inapoweza kutulia. Kamba ya omo, yaani ya mbele, ukiivuta, tezi inakwenda zake. Ukivuta ya tezi, omo inazunguka hadi ng'ambo. Ile iliyofungwa katikati ya paa inavuta boti nzima ubavu kwa ubavu. Naipitisha juu ya paa hadi niliposimama, ili nikishuka niwe tayari nimeishika. Hakikisha tu ikidondoka majini haifiki kwenye rafadha, lile panga la chini ya maji linalosukuma boti. Na mvuani ikague kila asubuhi: kamba iliyolowa ikaganda kwa tope huwa nzito, huteleza polepole juu ya paa, na unashangaa imeingia majini yenyewe.

Neno moja kuhusu kushuka: unashuka, huruki. Ukingo wa mawe uliolowa una ukungu wa kijani ambao hauonekani mpaka umeukanyaga. Boti isipogusa ukingo, rudi nyuma uje tena. Hakuna anayekuhesabia.

Nashukaje loki peke yangu mvua ikinyesha?

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pa kujifunza.

Ukishuka, loki iko imejaa unapoingia, kwa hiyo ukingo uko karibu usawa na miguu yako. Hilo ni jema: unatoka bila ngazi, kamba ya katikati mkononi. Weka gia nyutro kabla hujatoka. Funga lango la juu, hakikisha vilango vyake vimeshuka hadi chini. Kisha tazama tezi iko wapi.

Ndani ya loki, chini ya lango la juu, kuna kizingiti cha mawe au zege ambacho huwezi kukiona loki ikiwa imejaa. Pembeni kuna mstari mweupe unaoonyesha kinapoishia. Maji yakishuka huku tezi ikiwa nyuma ya mstari huo, rafadha na usukani vinakalia kizingiti, omo inaendelea kushuka na maji, na boti inajaa kwa mbele. Ni dakika chache tu. Boti zimezama hivyo zikiwa na watu wazoefu. Mvua inaongeza mambo mawili: mstari mweupe hauonekani vizuri kwenye jiwe lililolowa, na maji yanayomwagika juu ya lango la nyuma yanakuambia usogee mbele, wakati lango la mbele likifunguliwa vilango vyake litaivuta boti mbele, kisha mkondo ukipungua itarudi nyuma. Kwa hiyo kamba naizungusha mara moja kwenye nguzo, nashika ncha mkononi, nailegeza kadiri boti inavyoshuka. Kamwe siifungi fundo. Fundo likikaza huku maji yanashuka, boti inaning'inia.

Vilango vya chini nafungua nusu, narudi kuangalia, ndipo naongeza. Ukiona boti inainama au imenasa, shusha vilango vya chini mara moja, kisha fungua vya juu taratibu kuijaza loki tena. Mpango huo uwe kichwani kabla hujaanza, kwa sababu mkono wako wa pili ni wewe mwenyewe ukikimbia mita 20 juu ya mawe yanayoteleza. Hendo usiiache kwenye mhimili wa kilango hata kwa sekunde: komeo likiteleza inazunguka kama pangaboi na kuvunja mkono, au inaruka.

Loki ikikauka boti iko mita mbili au tatu chini yako. Wengi hushuka ngazi ya chuma ya ukutani. Mvua ikinyesha mimi naivuta boti nje kwa kamba ndefu ya omo, injini ikiwa nyutro, hadi gati la kusubiria, naifunga, narudi kufunga lango. Tani 17 zikielea zinavutika kwa mkono mmoja, ila kuzisimamisha ndiko kunataka akili, kwa hiyo usizipe mwendo. Kama kuna daraja linalokatiza kamba, basi ni ngazi: hendo kiunoni nyuma, uso ukutani, mikono kwenye vyuma na si kwenye kamba.

Nani anarudi kufunga lango kama niko peke yangu na imeshanyesha vya kutosha?

Wewe. Machi 2018 ukingo wa tawi la Middlewich kule Cheshire ulibomoka na mfereji ukamwagikia mashambani, kwa sababu ya vilango vilivyoachwa wazi juu yake. Ukarabati ulichukua miezi. Sina la kuongeza.

Kupanda je?

Kupanda kunachosha zaidi lakini kizingiti hakikuwindi. Taabu ni kwamba unaingia kwenye shimo la kuta zilizolowa, ukingo uko juu ya kichwa. Ama ufunge boti chini uivute kwa kamba hadi ndani, ama uingie na injini polepole, uweke nyutro na upande ngazi ukiwa na kamba. Baada ya mvua maji humwagika juu ya lango la mbele kama mtu anamwaga ndoo. Milango ya omo iwe imefungwa na boti ikae nyuma kidogo, la sivyo sebule inaoga. Angalia pia dafrau ya omo (ile pedi ya kukinga boti isigonge) isinase chini ya kipande chochote cha lango wakati maji yanapanda. Wenzangu wengine huacha injini kwenye gia ya mbele, mwendo mdogo, omo imeegemea lango ili boti isirudi nyuma. Inafanya kazi kwenye loki nyembamba. Mimi nikiwa juu ukingoni na injini iko chini kwenye gia, roho yangu haitulii, kwa hiyo sifanyi.

Kwa nini boti inasukumwa pembeni ninapokaribia loki kutoka chini?

Ni mchirizi wa pembeni. Maji yanayozidi juu ya loki hayawezi kungoja boti ije, kwa hiyo loki nyingi zina njia ya kuyapitisha pembeni na kuyamwaga chini ya loki. Siku ya kiangazi unasikia tu chururu. Baada ya siku mbili za mvua mlango wa mchirizi unatema mto mzima, tena kwa pembe, mita chache kabla ya mdomo wa loki wenye upana wa futi 7.

Mfereji wa Shropshire Union ndio shule ya somo hili. Audlem kuna loki 15 mfululizo, na kule Tyrley, loki 5 karibu na Market Drayton, mchirizi unatokea ghafla kwenye mwamba. Mara ya kwanza nilifanya linalomjia kila mtu: nikapunguza mwendo kwa woga. Omo ikafika kwenye mkondo, ikapigwa kofi, ikaenda kugota ukuta wa upande wa pili, tezi nayo ikafuata mkondo, nikawa nimelala mshazari nimeziba mfereji wote, maji yananikandamiza, vikombe jikoni vinalia. Hakuna aliyeniona isipokuwa ng'ombe.

Dawa yake ni kuelekeza omo upande mkondo unakotokea, kama anayevuka mto kwa ngalawa, na kupita na mwendo kidogo zaidi ya ule unaokupa amani. Mkondo utakurudisha katikati. Ukishaona omo imeingia kati ya kuta, punguza. Tazama kwanza ukiwa kwa miguu: unakwenda kuandaa loki hata hivyo, basi simama kwenye mchirizi dakika moja uone povu linaelekea wapi.

Mvua na upepo, kipi kibaya?

Upepo, tena kwa mbali. Boti nyembamba ni ubao wa chuma wa mita 17 uliosimama majini na inazama kama sentimita 60 tu, kwa hiyo upepo wa ubavu unaibeba. Ukipunguza mwendo usukani unakufa na unakwenda kulala kwenye matete. Watu wa pwani mnajua goshi na demani, upande upepo unakotoka na upande unakoelekea. Hapa elimu hiyo inarudi na faida. Fungia boti upande ambao upepo unakusukumia, si ule unaokutoa, na ukikuta gati liko upande mbaya pita, tafuta jingine. Siku ambayo idara ya hali ya hewa imetangaza onyo la upepo sisafiri. Hasa sipiti Pontcysyllte huko Wales, daraja la maji la mwaka 1805 lenye urefu wa mita 307 na kimo cha mita 38: upande mmoja kuna reli ya wapita njia, upande wa pili hakuna kitu, ni ukingo wa beseni la chuma na hewa.

Mfereji unaweza kufurika kama mto?

Mfereji wenyewe si rahisi, kwa sababu kimo chake kinalindwa na michirizi na mabwawa. Lakini vitu hivyo vina umri. Agosti 2019 mvua kubwa iliharibu bwawa la Toddbrook linalolisha mfereji huko Whaley Bridge, na watu kama 1,500 wakahamishwa nyumba zao. Mwaka mpya wa 2025 tuta la mfereji wa Bridgewater lilikatika karibu na Dunham baada ya mvua. Ukiona maji yanapita juu ya njia ya ukingoni mahali penye tuta, ondoka hapo.

Hatari ya kila mwaka ni pale mfereji unapoazima mto. Mfereji wa Oxford unaingia Mto Cherwell kwa kama maili moja kati ya loki za Baker's na Shipton Weir. Kennet & Avon unachanganyika na Mto Kennet kati ya Newbury na Reading. Kwenye njia ya Leicester unasafiri ndani ya Soar, mto unaopanda upesi. Mvua ya jana milimani ndiyo maji ya kesho mtoni, kwa hiyo jua likichomoza usidhani yameisha. Kwenye loki za kuingilia mtoni kuna ubao wa rangi: kijani pita, njano jihadhari, nyekundu usiende. Kwenye Mto Thames, Environment Agency, idara ya serikali ya mazingira, huweka mbao nyekundu za kuonya juu ya mkondo mkali. Peke yangu, njano naihesabu nyekundu. Na mtoni hakuna kutembea bila nanga, iliyokwisha kufungwa mnyororo na kamba, ikakaa mahali unapoifikia. Nanga iliyo chini ya magunia ya makaa haikusaidii injini ikizima karibu na kizuizi cha mto, pale maji yote yanapomwagika.

Vigingi vinang'oka. Nifanyeje?

Karibu chamani. Usiku mmoja wa Novemba niliamka saa tisa kwa sababu ya ukimya: kamba ilikuwa imeacha kulia. Nikafungua mlango wa omo nikaona njia ya ukingoni iko mbali kama upana wa barabara. Ukingo ulikuwa umelowa siku tatu, kigingi kimetoka kama kijiko kwenye uji, na boti imetulia mshazari imeshikwa na kamba ya tezi tu. Nilivuta kwa hiyo iliyobaki, nikiwa na pajama na gambuti.

Tangu hapo, mahali penye ukuta wa mabati ya chuma pembezoni mwa maji natumia kulabu zinazonasa kwenye ukingo wa bati, sipigi kigingi kabisa. Penye udongo mtupu napiga viwili viwili kila kona, vimekatana kama mkasi, virefu, mbali na ukingo kadiri kamba inavyoruhusu. Juu yake naweka chupa nyeupe ya plastiki ili mwendesha baiskeli asivunjike shingo. Na sikazi kamba ya katikati usiku, kwa kuwa inaiinamisha boti kila boti nyingine inapopita.

Majani na takataka kwenye rafadha?

Msimu wa majani kupukutika, ukiona mwendo umepungua na maji ya nyuma yanachemka bila boti kwenda, weka nyutro kisha rivasi sekunde chache. Majani yatatawanyika. Ikiwa ni kamba au nguo, funga boti, zima injini, toa ufunguo uutie mfukoni, ndipo ufungue mfuniko ulio juu ya rafadha na kuingiza mkono. Nimewahi kutoa sari nzima pale Birmingham. Rudisha mfuniko na uukaze kabla ya kuwasha: ukiulegeza, rafadha inapiga maji hadi kwenye chumba cha injini.

Maji ya mvua yanaingia ndani ya boti?

Yanaingia ngamani, yaani chini kabisa ya boti, hasa boti zenye sitaha wazi nyuma. Mbao za sitaha zina mifereji midogo inayotoa maji nje, na jani moja la mwaloni linatosha kuiziba. Mimi naizibua kwa waya kila Jumamosi msimu wote wa baridi. Pampu ya ngama ijaribu kwa mkono, usiamini taa yake, na betri zisife: anayekwenda likizo ya mwezi mzima akaacha boti na betri mbovu anaweza kuikuta imekaa chini. Wazee walisema kuenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nadhani walikuwa na sitaha inayovuja.

Ndani ya handaki angalau hainyeshi?

Inanyesha zaidi. Blisworth, urefu wa mita 2,813, lina mashimo ya hewa kwenye dari, na baada ya mvua kila shimo ni bomba. Unaliona mbele kwenye mwanga wa taa kama pazia la fedha, zuri kabisa, kisha linakuingia shingoni. Boti mbili zinapishana humo, kwa hiyo usifumbe macho.

Madaraja ya kuinua na ya kuzungusha yanawezekana peke yako?

Ndiyo, kwa matusi kidogo. Kwenye mfereji wa Llangollen mtambo wa kuinulia mara nyingi uko ng'ambo ya njia ya ukingoni, kwa hiyo ukishuka upande wa kawaida, ukivuka na kuinua daraja, umejitenga na boti yako. Peleka boti upande wenye mtambo, ingiza omo chini ya daraja, ifunge, inua, ivute ipite kwa kamba, ifunge tena, shusha. Kuna gari litakalokungoja. Dereva yuko pakavu, acha angoje. Au ngoja wewe, boti nyingine ije. Mnapita wote na mmoja anafunga.

Nikitumbukia?

Mara nyingi maji ya mfereji hayafiki kifuani, basi simama. Kinachoua ni baridi ya ghafla, rafadha, na loki. Usijaribu kupanda boti yenye injini kwenye gia, nenda ukingoni. Ngazi ya kamba niliyofunga tezi inafikika kutoka majini, na simu iko kwenye mfuko usioingia maji mwilini mwangu, si jikoni. Madaraja yana namba: ikumbuke ile uliyopita mwisho, maana huduma ya dharura wakikuuliza uko wapi, "mfereji, karibu na miti" haiwasaidii.

Jambo jingine: maji hayo yana mkojo wa panya. Ugonjwa wake ni uleule uliotangazwa Lindi mwaka 2022 kwa jina la homa ya mgunda. Funika vidonda, nawa kabla ya kula, na ukipata homa na maumivu ya misuli siku kadhaa baada ya kuoga mfereji mwambie daktari unaishi kwenye boti, kwa sababu peke yake hatafikiria.

Nguo zinakauka vipi?

Chumba cha kuogea ndiyo chumba changu cha kuanikia: waya mmoja juu, dirisha wazi kidole kimoja. Ukianika sebuleni madirisha yanatoka jasho na asubuhi godoro lina ukungu chini. Jiko la makaa linawaka mchana kutwa, na hapo jaribu kubwa la siku ya mvua ni kuziba matundu ya hewa ili joto lisitoke. Usiyazibe. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu. Tangu 2019 boti zenye mahali pa kulala zinatakiwa kuwa na kengele yake ili zipate cheti cha usalama. Mimi ninazo mbili, moja karibu na kitanda.

Kwa siku unakwenda umbali gani?

Jua likiwaka, mtu peke yake anaweza maili 12 na loki 8. Mvuani nagawa nusu. Loki moja naihesabu dakika 25. Ngazi za loki, yaani loki nyingi zinazofuatana kama vidato, kama Hatton yenye 21 au Tardebigge yenye 30, sizianzi mvuani; Hatton na Caen Hill kuna wajitoleaji wa Canal & River Trust msimu wa joto wanaosaidia, na kuomba msaada si aibu. Majira ya baridi soma matangazo ya ukarabati kwanza, loki nyingi hufungwa kati ya Novemba na Machi.

Shangazi anauliza: sasa siku kama hizo unakula nini?

Maharage, shangazi. Nayaloweka usiku, asubuhi nayatia kwenye sufuria ya chuma juu ya jiko la makaa, na yanaiva yenyewe huku mimi niko nje naloa. Tangawizi na chai viko kwenye chupa karibu na miguu yangu. Sufuria nimeifunga kwa waya kwenye ukingo wa jiko, kwa sababu siku ile ya Tyrley boti ilipogonga ukuta, yalimwagika yote, na jioni nilikula mkate.